Daftari la Duka Katika Kesi ya Marehemu

Siku ya tatu ya matanga, baada ya alasiri, watu wakiwa bado mikekani chini ya turubai, hufika mwanamume wa makamo ambaye hakuna anayemfahamu. Anauliza mzee wa nyumba ni nani. Kaja na magunia mawili ya mchele, mtungi wa mafuta ya kupikia, na bahasha. Ndani ya bahasha mna shilingi 50,000 na karatasi moja iliyopigwa chapa vizuri. Ametumwa na mwenye lori. Karatasi inasema familia imepokea pesa hizo kwa hiari na haitadai kitu kingine chochote, leo wala kesho.

Nimekuwa karani katika ofisi za mawakili hapa Mombasa kwa miaka mingi, na karatasi hiyo nimeiona mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kwa kawaida huja mezani kwetu miezi mingi baadaye, ikiwa imeambatanishwa na utetezi wa kampuni ya bima, sahihi ya ami wa marehemu ikiwa chini yake. Kwa hivyo nianzie hapo. Mchele pokeeni. Pesa pia, kama moyo umeridhia, lakini ziandikeni kwenye karatasi yenu wenyewe kwamba ni rambirambi. Ile aliyokuja nayo arudi nayo.

Wazee watasema kusamehe ni bora, na ni kweli. Lakini anayesamehe ni mwenye haki, na haki ya mtoto wa miaka 4 si ya ami yake kuisamehe.

Sheria ya Kenya inalitazama hivyo hivyo. Mtu akiuawa kwa uzembe wa mwingine, ziko sheria mbili zinazompa aliyebaki mlango wa mahakamani. Ya kwanza ni Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inayowafidia wale waliokuwa wakila kwa mkono wake: mke, mume, wazazi na watoto. Ya pili ni Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, ambayo hudai kwa niaba ya marehemu mwenyewe: maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho, na maisha aliyokatiwa. Hii ya pili huwa fungu dogo. Kwa maisha yaliyokatizwa mahakama zimezoea kutoa kama shilingi 100,000 hivi, awe marehemu ni mchuuzi au meneja. Pesa kubwa ziko kwenye fungu la kwanza, la utegemezi.

Tofauti ya mafungu haya ndiyo inayovunja nyumba nyingi, kwa sababu watu hawaijui. Fungu la marehemu ni mali yake, linaingia kwenye mirathi na kugawanywa kama mirathi inavyogawanywa. Fungu la utegemezi si mirathi. Ni la mjane, watoto na wazazi waliotajwa kwenye kesi, kila mmoja kwa sehemu atakayoikata hakimu. Kaka wa marehemu hana chake humo, hata kama ndiye aliyewalipia mawakili nauli, na hata kama kweli marehemu ndiye aliyekuwa akimlisha. Ni sheria kali. Nimewaona mayatima wawili waliolelewa na dada yao wakiambiwa kwamba kifo cha dada huyo, kwa hesabu za Sura ya 32, hakikuwapunguzia kitu. Sikubaliani na sheria katika hilo, lakini afadhali ujue mapema kuliko kuambiwa siku ya hukumu.

Kwa upande mwingine, kila anayestahili lazima atajwe. Mke wa pili aliye Kilifi, mtoto wa nje ambaye bibi anamjua na mjane hamjui, mama mzazi aliye kijijini. Barua ya chifu ikiwaacha, watajitokeza siku hundi itakapotoka, na pesa zitalala mahakamani mkigombana. Kaeni kikao kimoja kigumu sasa.

Muda. Kesi ya utegemezi lazima ifunguliwe ndani ya miaka 3 tangu siku ya kifo. Inasikika kama muda mrefu, na ndiyo maana watu huupoteza. Mwaka wa kwanza ni wa majonzi, wa pili ni wa kungojea polisi, wa tatu ni wa kutafuta wakili wa bei nafuu. Lakini kama gari lililoua ni la serikali, muda ni miezi 12 tu. Sisi wa Mombasa tuwe waangalifu zaidi hapa, kwa kuwa sheria za Bandari na za Reli nazo zinataka notisi ya mwezi mmoja kabla ya kushtaki, na kesi ndani ya miezi 12. Trela la mtu binafsi likimgonga mtu Changamwe, una miaka 3. Gari la shirika likimgonga ng'ambo ya barabara ile ile, una mwaka mmoja.

Mjane aliye edani asisumbuliwe. Miezi minne na siku kumi haimpotezei kesi. Kinachopotea katika muda huo ni ushahidi, na huo unaweza kukusanywa na mtu mwingine. Chagueni mmoja, mwenye subira na asiyependa kusemasema, awe ndiye mshika karatasi. Nasema mmoja kwa makusudi. Nyumba ambayo cheti cha kifo kiko kwa shangazi, kitambulisho kiko kwa mjane na abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, iko kwenye mfuko wa suruali ya shemeji aliyerudi Nairobi, hiyo kesi yake huanza na mwaka wa kutafutana.

Kazi ya kwanza ya mshika karatasi ni kituo cha polisi kilichoandikisha ajali. Achukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na jina la mpelelezi, kisha aombe abstrakti. Asiondoke bila kuisoma pale pale kaunta: namba ya gari imeandikwa sawa? Jina la mwenye gari lipo? Namba ya bima na jina la kampuni je? Herufi moja ya namba ya gari ikikosewa, utakuwa umemshtaki mwenye pikapiki wa Kitale ambaye hajawahi kuiona bahari. Kama gari bado liko kituoni, apige picha ya stika ya bima kwenye kioo cha mbele, na ya gari lenyewe lilivyobonyea. Magari hutolewa kituoni haraka sana, hasa yakiwa na mwenyewe anayejuana na watu.

Kisha atafute rekodi ya umiliki wa gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Abstrakti pekee haitoshi, maana magari mengi nchini huuzwa kwa kukabidhiana funguo, jina likabaki la mwenye zamani. Sheria humchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo, kwa hivyo yeye ndiye wa kuanza naye. Wakili mzuri huwashtaki wote wawili, yule wa kwenye rekodi na yule wa kwenye usukani, wakatupiane lawama mbele ya hakimu.

Sasa jambo ambalo linatuuma sisi watu wa Pwani. Waislamu tunazika upesi, na kumpasua maiti hatupendi. Ajali inatokea asubuhi, adhuhuri mtu yuko kaburini. Baadaye wakili wa bima anasimama na kuuliza: mna ripoti gani kwamba alikufa kwa ajali na si kwa maradhi ya moyo? Aliyefia palepale barabarani, swali hilo halina makali sana. Lakini aliyelazwa hospitali ya Makadara wiki mbili, akaruhusiwa, akafia nyumbani wiki ya tatu, hapo bima hupata upenyo. Ombeni daktari afanye uchunguzi wa nje bila kupasua, aandike majeraha aliyoyaona na sababu ya kifo. Kibali cha kuzika kisomwe kabla ya kutoka chumba cha maiti. Na karatasi zote za hospitali, hasa ile anayopewa mgonjwa akiruhusiwa, zisitupwe pamoja na dawa zilizobaki. Ndizo zinazounga ile siku ya lori na ile siku ya mauti.

Watu hudhani ni lazima dereva afungwe kwanza. Sivyo. Kesi ya trafiki ni ya serikali na dereva, na huko makosa huthibitishwa bila shaka yenye msingi. Yenu ni ya madai, na hakimu anapima tu upande upi una uzito zaidi. Dereva akipatikana na hatia, hukumu hiyo ni silaha yenu. Akiachiliwa kwa sababu mashahidi hawakufika, kesi ya fidia haifi. Lakini nendeni siku za kusikilizwa kesi hiyo, hata kama mnakaa tu kwenye benchi la nyuma. Kesi ya trafiki isiyo na mtu wa marehemu ndani ya chumba huwa na tabia ya kupoteza faili.

Kabla ya kushtaki kwa niaba ya marehemu, lazima mahakama impe mtu barua ya usimamizi. Iko ile fupi, kwa ajili ya kesi tu, ambayo haigusi nyumba wala shamba, na hiyo ndiyo ya kuomba. Msianze kinyume. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba anayeshtaki kwa ajili ya mali ya marehemu kabla ya kuwa na barua hiyo hana uwezo huo, na kuipata baadaye hakuponyi kosa.

Kama marehemu alikuwa kazini, tuseme utingo wa lile lile lori au kibarua wa ghorofa iliyoporomoka, njia ni nyingine. Ni Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007. Mwajiri anatakiwa kuripoti kifo ndani ya saa 24 kwa ofisi ya usalama kazini, na fidia ni mshahara wa miezi 96. Hakuna haja ya kuonyesha nani alizembea. Dai lipelekwe kabla ya miezi 12 kwisha, na mjane asikubali kuambiwa kwamba mumewe hakuwa na barua ya ajira kwa hivyo hakuwa mwajiriwa.

Kuhusu wakili, nitasema mambo mengine ambayo wenzangu wa ofisini hawatayafurahia. Kuna vijana hushinda kwenye mageti ya vyumba vya maiti. Wanajua jina la marehemu kabla ya ndugu zake kulijua. Watakwambia wametumwa na wakili mkubwa na kwamba wewe hutoi hata shilingi. Hao ni madalali wa ajali, na sheria ya mawakili inakataza biashara hiyo. Wakili mtafute kwa miguu yako mwenyewe, ofisi yake uione, na uhakikishe kwamba ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, kwa maana hutolewa kila mwaka, na Chama cha Mawakili kinakuonyesha ukiuliza.

Makubaliano ya malipo yaandikwe. Desturi ya wakili kuchukua asilimia fulani ya fidia imeenea, ila sheria haiitambui, kwa hivyo usiogope kuhoji. Usitie sahihi karatasi tupu, hata ukiambiwa ni ya kurahisisha. Fidia hulipwa kwenye akaunti ya wateja ya wakili, siyo mkononi mwako, na hapo ndipo mwaka mmoja nilipoona jambo la aibu: mama mmoja alikuja ofisini akitaka kujua kesi yake imefika wapi, na faili lilikuwa limeshafungwa miezi minane iliyopita, hundi imeshalipwa. Hakuwahi kuonyeshwa hukumu. Jina la ofisi halina faida hapa. Faida ni hii: namba ya kesi iandike wewe mwenyewe, ndani ya Msahafu au Biblia ikibidi, na kila miezi mitatu nenda masjala ya mahakama ukaulize. Faili ni la umma, na wewe ndiye mdai. Makarani wenzangu wa masjala watanuna kidogo, kisha watalitoa.

Upande wa pili, atakayelipa kwa kawaida si mwenye gari, ni kampuni yake ya bima. Wakili lazima aijulishe kampuni hiyo kwa maandishi mapema kwamba kesi inakuja. Notisi hiyo isipotumwa, mnaweza kushinda kesi na bima ikakataa kulipa, nanyi mkabaki na hukumu nzuri dhidi ya mtu mwenye lori moja bovu. Na hata ikitumwa, sheria ya bima ya magari imeweka kikomo. Bima hailazimiki kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja; kinachozidi kinatafutwa kwa mwenye gari. Halafu kuna kampuni zenyewe. Za matatu zimezoea kuanguka: United Insurance iliwekwa chini ya usimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na nyingine zimefuata, wajane wakiwa na hukumu mkononi. Ndiyo maana mimi hushauri kwamba bima ikija na pendekezo la kumaliza nje ya mahakama, lisikataliwe kwa hasira. Lipimwe. Shilingi milioni 2 mwaka huu zaweza kuwa bora kuliko 2.6 za mwaka wa tano kutoka kampuni inayoyumba.

Utalipimaje? Kwa hesabu ambayo hakimu mwenyewe huifanya. Chukua kipato cha marehemu kwa mwezi, zidisha kwa 12, zidisha kwa miaka ambayo angeendelea kufanya kazi, kisha chukua sehemu iliyokuwa ikienda nyumbani, ambayo kwa mtu mwenye mke na watoto mara nyingi huhesabiwa kuwa theluthi mbili. Tuseme fundi wa miaka 34, anapata 20,000 kwa mwezi. Mahakama haitampa miaka yote 26 hadi afike 60, kwa sababu maisha yana mengi na pesa zinalipwa kwa mkupuo. Tuseme inampa 20. Hiyo ni 20,000 mara 12 mara 20, theluthi mbili yake: shilingi 3,200,000. Hakimu akiona marehemu naye alivuka barabara vibaya, akambebesha asilimia 20 ya lawama, inabaki 2,560,000. Gharama za mazishi huongezwa juu, na hata bila risiti Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2013 kwamba kiasi cha wastani kinaweza kutolewa, maana kila mtu anajua kwamba maiti hazikwi bure.

Katika hesabu hiyo namba moja ndiyo inayobeba zote: ile 20,000. Marehemu akiwa mwalimu au karani, hati ya mshahara inatosha. Lakini wengi wetu hatuna hati. Bila ushahidi, hakimu hushika kima cha chini cha mshahara, na pengine cha kibarua asiye na ujuzi, na zile milioni zinapungua. Wakili wa bima anajua hivyo. Atauliza cheti cha ufundi kiko wapi, akaunti ya benki iko wapi, risiti za kodi ya mapato ziko wapi, na atanyamaza baada ya kila swali ili ukimya uandikwe.

Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikataa mchezo huo. Ilisema vyeti na stakabadhi si njia pekee ya kuthibitisha kazi ya mtu na kipato chake. Kwa hivyo tafuteni kila alama aliyoacha. Taarifa ya M-Pesa ya miezi 12, ambayo msimamizi akiwa na barua yake anaweza kuiomba. Risiti za karo, zenye tarehe. Daftari la chama alichokuwa akichangia kila mwezi. Mwenye nyumba aliyempangisha. Mteja aliyemwita kila mara friji ikiharibika, na yuko tayari kufika mahakamani kwa siku moja.

Kuna fundi mmoja wa mafriji wa Kisauni, Mungu amrehemu, ambaye hakuacha hata karatasi moja. Alilipwa mkononi, akatumia mkononi. Tulikaa na mjane wake sebuleni tukamuuliza alikuwa akileta nini nyumbani, naye akasema hajui, kwa sababu yeye hakuwa akipewa pesa, alikuwa akienda dukani kukopa kisha mumewe analipa. Wakili wangu alikuwa ameshaanza kufunga faili. Nikamuuliza: dukani kwa nani?

Mwenye duka alikuwa na madaftari matatu, yale ya mistari yenye jedwali la kuzidisha nyuma, yananuka mafuta ya taa. Kila ukurasa una jina juu. Chini ya jina la mama watoto, mistari ya unga, sukari, sabuni ya kipande, mkaa, na kila Jumamosi jumla imekatwa kwa kalamu nyekundu: 2,850. 3,400. 3,120. Miaka miwili na miezi mitano ya Jumamosi. Siku ya ushahidi wakili wa bima alimuuliza atajuaje kwamba ni marehemu aliyelipa. Mzee akajibu kwamba akilipa mwingine yeye huandika jina la aliyelipa, na akamfungulia ukurasa wa Ramadhani moja ambapo shemeji alilipa mara mbili. Hakimu aliomba aletewe daftari, akalifungua mwenyewe, akawa anapindua kurasa polepole kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata ile mistari myekundu.

Alikiweka kipato cha marehemu kuwa 22,000 kwa mwezi. Daftari la asili tulitaka libaki kwenye faili kama kielelezo, lakini mzee alikataa kabisa, akasema humo mna madeni ya watu wengine ambao bado wako hai. Ikabidi nikimbie kutoa nakala kurasa 119 kwa pesa yangu, na wakili wa bima akakubali nakala. Kwa hivyo kabla ya siku ya mahakama, toeni nakala za kila kitu.